Mirija ya Oili katika Injini ya Rota

Kati ya viungo vyote vya injini ya rota hapana kilicho duni kwa sura kuliko mirija ya oili. Katika magari ya Mazda RX-7 ya kizazi cha pili, yaliyoanza kutolewa mwaka 1985, mirija hiyo ilikuwa ya plastiki, myembamba, nayo ilipita penye joto kali chini ya mabomba ya kuingizia hewa, mahali ambapo mwenye gari hapaoni wala hapafikirii. Hata hivyo uhai wa injini nzima uliitegemea, na sababu yake haielezeki vyema pasipo kurudi nyuma, Ujerumani, kwa mtu aliyetaka kuiondoa pistoni katika injini.

Felix Wankel alizaliwa mjini Lahr mwaka 1902. Hakusoma chuo kikuu. Alijifunza kwa kushika vyuma kwa mikono yake, na kwa miaka mingi alishughulika na swali moja gumu, yaani namna ya kuziba mwanya baina ya chuma kinachozunguka na chuma kinachokizingira. Mwezi wa Februari mwaka 1957 injini yake ya kwanza ilinguruma katika kiwanda cha NSU mjini Neckarsulm. Hanns Dieter Paschke, mhandisi wa kiwanda hicho, aliibadili iwe nyepesi kuundwa, na umbo hilo la Paschke ndilo lililoenea duniani.

Ndani yake mna rota yenye pembe tatu, mbavu zake zimetuna kidogo, inayozunguka katika chumba kilichobonyea katikati mfano wa tarakimu ya nane iliyonenepa. Kila ncha ya rota ina sili, ukanda mwembamba unaosugua ukuta wa chumba pasipo kupumzika. Katika injini ya pistoni oili hurushwa kutoka chini, ikalainisha ukuta wa silinda, kisha ringi zikaikwangua na kuirudisha. Rota haina chini wala juu. Ukuta unaosuguliwa na sili ndio huo huo unaopigwa na moto wa petroli. Basi oili haina njia ya kufika hapo ila ipelekwe kwa makusudi, na ikiisha kufika hairudi, huungua.

Udhaifu wa sili uliitia NSU hasarani. Gari lake la Ro 80, lililotokea mwaka 1967 na kutunukiwa heshima ya gari bora la mwaka Ulaya kwa 1968, lilirudishwa kiwandani mara kwa mara kwa sababu ya injini zilizochakaa mapema. Husimuliwa kwamba wenye magari hayo walipokutana njiani waliinuliana vidole, kila mmoja akimwonyesha mwenzake idadi ya injini alizokwisha kubadilishiwa. Ni mzaha, lakini fedha zilizolipwa na kiwanda hazikuwa za mzaha, na mwaka 1969 NSU iliunganishwa na Auto Union chini ya Volkswagen.

Huko Hiroshima mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Kampuni ya Toyo Kogyo, ambayo tangu mwaka 1984 huitwa Mazda, ilikuwa imesikia serikali ya Japani ikitaka makampuni madogo ya magari yamezwe na makubwa. Mkuu wake, Tsuneji Matsuda, aliona kwamba kampuni isiyo na jambo lake peke yake haitasalia, ndipo mwaka 1961 akapatana na NSU. Kazi alikabidhiwa Kenichi Yamamoto pamoja na wahandisi 46. Walikuta mikwaruzo ya mawimbi katika kuta za injini, wakaiita kucha za shetani. Waliishinda kwa sili za kaboni iliyochanganywa na alumini. Walikuta pia moshi mweupe wa oili iliyopenya ubavuni mwa rota, wakaizuia kwa sili nyingine. Gari lao la Cosmo Sport liliuzwa kuanzia Mei 1967.

Ajabu ya kazi hiyo ni kwamba watu waliotaabika kuizuia oili isiingie chumbani iliwapasa kuiingiza wao wenyewe, ila kwa kipimo. Pampu ndogo huiteka oili ya injini na kuipeleka kidogo kidogo, ikizidisha kadiri mwendo na mzigo unavyozidi. Kwa hiyo injini ya rota iliyo nzima hula oili, na dereva hana budi kupima kina chake mara kwa mara. Isiyopunguza oili hata kidogo ndiyo ya kutiliwa shaka.

Plastiki ikipikwa na joto miaka mingi huwa ngumu na rangi yake hugeuka hudhurungi. Fundi akiigusa tu, huvunjika. Mrija uliopasuka hudondosha oili juu ya injini iliyo moto, na moshi wake angalau humwonya mwenye gari. Ulioziba hausemi neno. Sili hukauka, ukuta hulika, mgandamizo hupungua, na siku moja injini iliyokwisha kupata moto hukataa kuwaka tena. Wapo wanaoing'oa pampu yote na kuchanganya oili na petroli katika tangi kama ifanywavyo kwa pikipiki za mipigo miwili. Hoja yao ina nguvu, lakini humtwika mtu kazi ya mashine, na mtu husahau.

Anayeamua kubadili mirija huanza kwa kuondoa mabomba ya hewa yaliyo juu yake, akatia alama kila mrija kabla ya kuufungua. Bolti zake zina tundu la kupitisha oili, na washa zake hazitumiwi mara ya pili, kwa kuwa zimekwisha kubanwa zikashika umbo la mahali pake. Kila pua ya kupulizia husafishwa na kujaribiwa: yapasa ipitishe upande mmoja tu. Mirija mipya hujazwa oili kwanza, kwa maana pampu ni ya polepole, na wengi hutia oili kidogo katika petroli ya tangi la kwanza ili sili zisikae kavu. Kisha injini huwashwa, na fundi huinama na taa yake, akitazama vipovu vya hewa vikisogea ndani ya plastiki iliyo angavu mpaka cha mwisho kipite.