Stokes: mfanyabiashara aliyenyimwa rufaa

Wandugu, leo tunawaletea historia ya Charles Stokes, mzungu kutoka Ireland. Wengi wetu hatukumsoma shuleni, lakini alipita kwetu kote: Tanzania, Uganda, mpaka Kongo.

Alizaliwa Dublin mwaka 1852. Mwaka 1878 alikuja Afrika Mashariki na wamisionari wa Kianglikana, kazi yake kuongoza misafara. Mke wake wa kwanza alifariki, baadaye akaoa Limi, Mnyamwezi. Mwaka 1886 akaachana na misheni, akawa mfanyabiashara kamili: pembe za ndovu zinashuka pwani, vitambaa na bunduki vinapanda bara. Mizigo hiyo ilibebwa na wapagazi, wengi Wanyamwezi. Majina yao waliandikwa wachache sana.

Sasa ona siasa ilivyomwingiza. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipinduliwa Buganda, akakimbilia kusini mwa ziwa. Wakristo wa Buganda, Apolo Kagwa akiwa mmoja wao, walikimbilia huku Ankole, na Mfalme Ntare wa Tano akawapa sehemu ya kukaa Kabula. Ukitoka Mbarara kwenda Kampala unapita Lyantonde. Kabula ni upande huo. Yaani miaka 70 hivi kabla ya Wanyarwanda wa 1959 kupokelewa Nakivale, ardhi hii ilishajua wakimbizi.

Stokes ndiye aliyempakia Mwanga kwenye mashua yake mwaka 1889, na bunduki juu. Wale wa Kabula wakaungana naye. Walishinda, wakafukuzwa, wakarudi tena, mpaka 1890 Mwanga akakaa kwenye kiti chake. Tusidanganyane, haikuwa sadaka. Mfanyabiashara anapenda mfalme mwenye deni lake.

Biashara ikampeleka Kongo, na huko ndiko alikofia. Kapteni Lothaire, Mbelgiji, aliamuru akamatwe, kosa lake kuwauzia silaha Waarabu na Waswahili waliopigana na serikali ya Mfalme Leopold. Kesi ilikwenda haraka haraka. Alikuwa na haki ya kukata rufaa Boma, mbali kule karibu na bahari. Hakupewa. Alinyongwa Januari 1895.

Ulaya ikachachamaa. Serikali ya Leopold ililipa Uingereza faranga 150,000 na Ujerumani faranga 100,000. Lothaire alishitakiwa Boma, halafu Brussels, na kote akaachiwa huru mwaka 1896.

Hapa ndipo sisi tunauliza. Miaka hiyo hiyo Wakongo walikuwa wanauawa, wanakatwa mikono kwa sababu ya mpira, vijiji vinachomwa. Hao nani aliwalipia faranga? Kifo cha mzungu mmoja ndicho kilichofanya magazeti ya Ulaya yaanze kuuliza maswali makali juu ya Kongo.

Hatusemi Stokes alistahili kamba. Muuza bunduki naye ni mtu, na mtu husikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Kwetu hapa neno rufaa linajulikana hata na watoto. Mtu akikataliwa ombi lake, anahesabu siku, anatafuta wa kumwandikia barua. Nyinyi mnaofanya kazi maofisini, mkiona karatasi ile ya rufaa mezani, mjue ni kitu ambacho Stokes alikosa, na babu zetu wa Kongo hawakuwahi hata kuambiwa kipo.