Urithi wa Majengo ya Shule

Huko Oldeani, walowezi wa Kijerumani walilima kahawa hadi vita vya 1939 vilipozuka, mashamba yao yakashikwa na serikali kama mali ya adui. Mwenye nyumba akiondoka, nyumba hubaki, na wanaobaki hawana budi kuamua itakuwa ya nani.

Baada ya Uhuru wa 1961 uamuzi wa namna hiyo uligusa shule pia, kwani mkoloni alikuwa amezigawa kwa rangi. Mjini Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1950, ilijengwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, ikapewa majina ya watakatifu Michael na George. Ubaguzi ulipofutwa, shule hiyo ilifungwa. Taifa halikuyaacha majengo yake yaoze. Liliyafanya sekondari ya vijana wote, likaipa jina la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani hadi kufa kwake 1898. Mwaka 2005 ikawa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, nacho hufunza walimu.

Basi tunapoamua juu ya shule iliyofungwa, tusihesabu matofali na ekari tu. Tuulize kwanza ni mtoto wa nani atakayeingia.