Safu ya Lugha: Shukrani si bahasha
Kasomeno, pale barabara ya kutoka Lubumbashi inapogawanyika, moja ikishika Kasenga na nyingine Pweto, dereva akifika salama husema "Aksanti Mungu". Muuza samaki wa kandokando ya Luapula atasema "natotela", kwa Kibemba. Wote wawili wameshukuru, na hakuna aliyetoa faranga. Lakini siku hizi kanisani unasikia, "Mama, shukrani yako iko wapi?" na kinachoulizwa ni bahasha. Hapo tumeteleza. Kinachotiwa kapuni ni sadaka. Fungu la kumi ni zaka. Shukrani, kutoka Kiarabu shukr, ni kukiri wema uliotendewa, na asiye na kitu mfukoni huitoa kamili. Ukisema "sadaka ya shukrani", sina neno.

Aksanti nayo ni Kiarabu, ahsanta, yaani "umetenda vema". Kwa hiyo inapenda tendo la kutaja: mvua iliyonyesha, mtoto aliyepona malaria. "Tunashukuru Mungu" haidai hivyo. Mtu mwenye homa akiulizwa habari hujibu hivyo hivyo, wala hadanganyi.

Na wale wanaogeuza "action de grâce" ya Kifaransa kuwa "tendo la neema" waache, tafadhali. Neema hutoka kwa Mungu kuja kwetu. Hapa sisi ndio tunaomrudishia neno. Semeni "ibada ya shukrani". Wakatoliki, kwa kweli, wanayo kila Misa: Ekaristi ni neno la Kigiriki, na maana yake ni shukrani.