Wanaogawa chakula cha msaada kambini hulipwa na nani?

Msikilizaji, tunapotangaza siku za mgao Kakuma au Dadaab, huwa tunataja unga, maharagwe na mafuta. Wanaokufikishia chakula hicho hatuwataji. Leo tuwaeleze.

Wao ni nani?
Chakula huletwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Kazi ya kugawa hufanywa kwa mkataba na mashirika mengine. Hayo huajiri Wakenya, na pia huchukua wakimbizi wa kambini kupakua magunia, kupima mgao, kupanga foleni na kutafsiri.

Wanalipwaje?
Mkenya hupata mshahara. Mkimbizi hupata posho, na posho hiyo ni ndogo zaidi hata pale kazi zinapofanana. Sababu mbili hutolewa: mkimbizi hupata kibali cha kazi kwa shida, na tayari anapewa chakula na makazi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inamtambua mkimbizi kuwa na haki ya kufanya kazi, lakini utaratibu wa posho haujaisha. Mgao nao ukikatwa, sababu ya pili inapungua nguvu, kwa kuwa posho ileile sasa lazima inunue chakula.

Kwa nini wanapunguzwa?
WFP hutegemea michango ya hiari ya serikali na wafadhili. Michango ikishuka, chakula hupungua na kazi pia. Mwaka 2025 shirika hilo lilitangaza kupunguza wafanyakazi wake duniani kwa asilimia 25 hadi 30.

Je, simu haijachukua kazi yao?
Mwaka 2015, Kakuma sehemu ya msaada ilianza kutumwa kwa simu kupitia Bamba Chakula. Msaada ukija kwa simu, wapakuaji wanaohitajika ni wachache. Lakini aliyepoteza laini, aliyesahau namba ya siri au ambaye alama za vidole zimekataa kusomeka anahitaji mtu wa kumsaidia. Dawati hilo likikosa watu, mwenye haki hurudi nyumbani mikono mitupu.

Ukumbuke nini?
Mgao ni bure. Hata kama posho ya mgawaji ni ndogo, hana ruhusa ya kukudai pesa wala sehemu ya chakula chako. Akikudai, peleka malalamiko kwenye dawati la msaada. Na foleni isiposonga, hesabu kwanza waliopo kazini kabla ya kumlaumu aliye mbele yako.