Konzo: muhogo uliokosa siku zake

Mwaka 1981, wilayani Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, daktari kijana kutoka Uswidi, Hans Rosling, alianza kuona watu waliopooza miguu ghafla. Chanzo hakikujulikana. Meya akamuuliza kama barabara ifungwe, isije ikawa maradhi ya kuambukiza. Rosling akaona lazima kitu kifanyike, askari wakaifunga. Kina mama waliokuwa wakisubiri basi la sokoni wakawaomba wavuvi wawapitishe baharini. Mashua zikapinduka, wakafa maji pamoja na watoto wao. Rosling aliibeba habari hiyo maisha yake yote.

Hakukuwa na cha kuambukiza. Jimbo la Nampula, iliko Nacala, lilihesabu wagonjwa 1,102, wengi wao wanawake na watoto, na sumu ilitoka chunguni: muhogo mchungu.

Maradhi yenyewe yalikwisha kuandikwa. Mwaka 1938 daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliyaeleza kutoka Kwango, Kongo ya Wabelgiji, kwa jina la wenyeji, konzo. Huharibu neva za ubongo zinazoamrisha mwendo. Magoti hubanana, visigino huinuka, na mgonjwa hutembea kwa ncha za vidole, akiegemea fimbo. Aliyezidiwa hatembei kabisa. Tofauti na magonjwa mengi ya neva za mwendo, konzo haiendelei kula mwili. Hupiga mara moja, kisha hubaki.

Muhogo mchungu una linamarini, ambayo mzizi ukipondwa au kulowekwa huvunjika na kutoa sayanidi. Ukipewa muda, sumu huishia majini na hewani. Ile kidogo inayobaki, mwili huimaliza kwa salfa itokayo kwenye protini: samaki, maharage, nyama. Balaa huja vyote viwili vinapokosekana, muda na kitoweo.

Nampula kulikuwa na ukame. Tarime, mkoani Mara, konzo ilizuka mwaka 1985, nako ukame ulikuwa umewabakizia watu muhogo tu. Kisa cha Bandundu, Zaire (jina la Kongo wakati huo), ndicho kinachoniuma zaidi, maana huko hapakukosekana mvua. Barabara nzuri ya Kinshasa ilileta malori na wanunuzi, na mihogo iliyozoea kulowekwa siku tatu ikaanza kutolewa majini baada ya moja. Kuwalaumu kina mama ni rahisi. Lakini siku tatu wao ndio waliozijua, kabla ya maabara yoyote. Aliyezikata ni soko.

Baadaye mkemia Howard Bradbury, wa chuo kikuu cha taifa cha Australia, alibuni njia isiyodai siku. Unga wa muhogo huchanganywa na maji, ukatandazwa mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au tano kivulini. Sayanidi hupeperuka, na unga huo wenye unyevu husongwa ugali siku hiyohiyo. Njia hiyo imefundishwa kwa kina mama wa vijiji vya Kongo vilivyokumbwa na konzo, na haihitaji chombo ambacho hawana.