Alama Yenye Mwenyewe: Kibera, Kawangware na Kazi ya Kueneza Habari

Kati ya mwaka 2003 na 2005 zilizaliwa Marekani tovuti tatu zilizobadilisha namna ya kutangaza mambo mtandaoni. Delicious ilimwezesha mtu kuhifadhi kiungo, kukibandika maneno mawili matatu ya kukieleza, kisha kukiacha wazi ili kila mtu akione. Digg na Reddit ziliongeza kura: kiungo kilichopendwa kilipanda, kisichopendwa kikazama. Haikuchukua muda wafanyabiashara wakaanza kulipa watu kubandika kiungo kimoja katika tovuti chungu nzima, wakitarajia Google ingekipa cheo. Aprili 2012 Google ilitoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, na viungo vya kununuliwa vikageuka mzigo kwa waliovinunua. Julai mwaka huohuo Digg iliuzwa kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola 500,000 hivi. Historia hii husimuliwa kana kwamba ni ya California peke yake. Lakini Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, nazo zimefanya kazi hiyohiyo ya kuweka alama ili wengine waone, na ukiifuatilia kazi hiyo mitaani unaona jambo ambalo tovuti zile zililipuuza: alama hupata nguvu pale aliyeiweka anapojulikana na anapoweza kuulizwa, hata kama waliobonyeza ni wachache.

Mitaa hii miwili ilikua kwa njia tofauti, na tofauti hiyo iliamua nani angeonekana. Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, askari Wanubi wa King's African Rifles waliporuhusiwa kukaa nje ya mji bila kupewa hati. Ardhi ikabaki ya serikali, na kijiji kizima kiliweza kuishi miongo kadhaa bila kuandikwa popote. Kawangware ilichipuka kwenye mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti, eneo lililoingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi wakati wa uhuru. Kule ploti ina mwenyewe, na lendilodi anajulikana kwa jina. Watu wa Kawangware wakajitambulisha kwa usafiri, na hadi leo mtu husema anashuka 46 au 56, namba za matatu zilizogeuka kuwa majina ya mahali. Tangazo lililobandikwa stejini lilikuwa na mwenyewe: aliyelibandika alionekana akilibandika, na fundi aliyeandika namba yake ya simu ukutani alijua kwamba kazi ikiharibika mteja angemrudia. Matatu nazo zilisambaza majina na michoro mji mzima, mpaka kanuni za Waziri John Michuki za Februari 2004 zilipofuta michoro na kuamuru mstari wa manjano.

Michuki huyohuyo, sasa akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, ndiye aliyeamuru matangazo ya moja kwa moja yasimamishwe tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi yalipoiwasha nchi. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi, na reli inayokwenda Uganda iling'olewa. Habari zilihitajika kuliko wakati wowote, na njia za kawaida zilikuwa zimebanwa. Siku za kwanza za Januari 2008 Ory Okolloh akapendekeza ramani ya kuonyesha matukio yalikotokea, na pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia ikajengwa Ushahidi, ambako taarifa iliyotumwa na mwananchi iligeuka alama kwenye ramani. Wakati huohuo Pamoja FM, redio iliyoanzishwa Kibera mwaka 2007, ilikuwa ikizungumza na wasikilizaji wake kutoka ndani ya mtaa, na msanii Solo 7 alikuwa akipaka kuta na mabati ya Kibera maneno ya kuomba amani. Ushahidi ilifika mbali sana. Lakini redio na msanii walikuwa na kitu ambacho ramani ya siku zile za mwanzo haikuwa nacho: mkazi aliweza kuwaendea.

Ramani ilikipata kitu hicho mwishoni mwa 2009. Mikel Maron na Erica Hagen, Wamarekani, walianzisha Map Kibera pamoja na vijana 13 wa vijiji vya Kibera, wakati ambapo mtaa wao ulikuwa doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Kijana alishika kifaa cha GPS cha ukubwa wa kiganja, akapita vichochoro vya kijiji chake, akasimama mbele ya choo cha kulipia, kituo cha maji au zahanati, akabonyeza. Kisha alikaa mbele ya kompyuta, akaweka njia aliyopita juu ya picha ya setilaiti katika OpenStreetMap, na kila nukta akaibandika maneno ya kuieleza: choo, zahanati, shule. Ni kazi ileile ya Delicious. Ila hapa kilichobandikwa maneno ni choo ambacho jirani yake angekitafuta kesho, na akikosea angeambiwa njiani. Juu ya ramani hiyo ikasimama Voice of Kibera, tovuti iliyotumia programu ya Ushahidi kupokea taarifa za wakazi kwa SMS, na mwaka 2010 Kibera News Network, vijana wa mtaa waliopiga picha za video na kuzipakia YouTube.

Thamani ya kazi hiyo inaonekana zaidi ukitazama kinyume chake. Kwa miaka mingi Kibera ilitangazwa duniani kuwa na watu milioni moja au zaidi. Mashirika, magazeti na tovuti ziliinakili idadi hiyo, kila moja ikielekeza kwa nyingine. Sensa ya 2009, iliyotolewa Agosti 2010, ilihesabu watu 170,070. Wapo waliopinga, na mtaa wa watu wanaohamahama hauhesabiki kikamilifu. Hata hivyo, pengo la ukubwa huo haliwezi kuelezwa kwa uzembe wa makarani. Milioni ile ilipanda juu kwa kurudiwa, jinsi kiungo kilivyopanda Digg.

Atakayepinga atasema Map Kibera yenyewe ilianzishwa na wageni kwa fedha za wafadhili, na kwamba mkazi wa kawaida wa 2009 hakuwa na intaneti ya kuifungua ramani hiyo. La kwanza halinitishi. Vijana wa mtaa waliiendeleza kazi chini ya Map Kibera Trust, na mbinu ikafika Mathare na Mukuru. La pili ni zito. Nakubali kwamba miaka ya mwanzo ramani iliwafaa watafiti na mashirika mapema kuliko ilivyomfaa mama anayeuza mboga soko la Toi. Waliohusika waliliona tatizo hilo, wakachapisha ramani za karatasi, na baadaye kwa Open Schools Kenya wakazigeukia shule, kitu ambacho mzazi wa Kibera anakitafuta mwenyewe. Kuaminika na kufikiwa ni mambo mawili, na hilo la pili lilingojea simu za bei nafuu.

Simu zilikuja, na zikaleta pingamizi lenye nguvu zaidi. Leo WhatsApp na Facebook humletea fundi wa Kawangware wateja wengi bila mtu kuuliza nani alianza kusambaza tangazo lake. Kwa biashara ni kweli, maana mteja ataiona kazi kwa macho kabla ya kulipa. Habari za hatari hazina nafasi hiyo. Tarehe 27 Oktoba 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio, ghasia zilizuka Kawangware, watu wakauawa na vibanda vikachomwa, huku uvumi wa magenge ukipita simu hadi simu kwa wingi ambao Digg haikuwahi kuuota. Sidai kwamba ramani ingezizuia ghasia hizo. Chanzo chake kilikuwa siasa. Ninachosema ni kwamba katika uchaguzi wa 4 Machi 2013 Voice of Kibera ilitumia simu hizihizi, lakini ilikuwa na waandishi wake vijijini, na taarifa iliweza kurudishwa kwa mtu wa pale akaende kuangalia. Ujumbe wa Oktoba 2017 ulimfikia mkazi wa Kawangware bila jina la aliyeona, na aliyetaka kuuhakiki usiku ule hakuwa na wa kumpigia.