Ushuru wa Forodha na Ujira wa Mchukuzi

Katika miji yetu ya pwani neno forodha ni la zamani sana. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mahali pa bandarini ambapo vyombo hushusha shehena, na mwenye mali hutoa haki ya serikali kabla hajaichukua nyumbani kwake. Hata leo mjini Unguja, karibu na Beit el Ajaib, pana mahali paitwapo Forodhani, ijapokuwa waendao huko jioni hawaendi kulipa ushuru, bali huenda kula mishikaki na kupunga upepo wa bahari. Neno ushuru nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni fungu la kumi. Basi maneno yote mawili yalizoewa na babu zetu tangu zamani, wala jambo lenyewe si geni kwetu.

Siku hizi mtu aliye Mombasa au Mwanza huweza kuagiza kitabu, au kiatu, au chombo cha saa kutoka nchi ya mbali, naye asitoke nyumbani kwake. Lakini kifurushi kikifika, mara nyingi hutanguliwa na hati ya madai. Juu ya hati hiyo pana hesabu za namna mbili. Ya kwanza ni ushuru na kodi za serikali. Ya pili ni ujira wa yule aliyekileta: kukitoa forodhani, kuandika hati zake, na kutanguliza fedha. Watu wengi huzichanganya hesabu hizi mbili, wakasema, "Serikali imetuonea," hali fungu kubwa la fedha waliyoitoa halikwenda kwa serikali hata kidogo. Tukitaka kufahamu jinsi mambo haya mawili yalivyoungana, na kwa nini yapasa kutengwa, na tuitazame historia.

Zamani za Seyyid Said bin Sultan, mfalme wa Oman aliyekuja kukaa Unguja, serikali haikuwa na makarani wake wa kukusanya ushuru. Forodha ilikodishwa. Maana yake, tajiri mmoja alipatana na Seyyid kumlipa kiasi fulani cha reale kila mwaka, kisha yeye mwenyewe akakusanya ushuru katika bandari. Akipata zaidi ya kile alichopatana, faida ni yake. Akipungukiwa, hasara ni yake. Aliyejulikana sana kwa kazi hiyo ni Jairam Shivji, Banyani wa Kachi katika Bara Hindi, ambaye nyumba yake ya biashara ilishika forodha ya Unguja kwa miaka mingi. Mwaka 1876 forodha ikamwangukia tajiri mwingine wa Kihindi, Taria Topan.

Mpango huu ulikuwa na manufaa yake. Seyyid alijua mapema fedha atakayoipata, wala hakuhitaji kulisha makarani wengi. Lakini ulikuwa na hatari yake pia. Mwenye kukodi forodha alikuwa mfanyi biashara, akiuza na kununua kama wenziwe. Na yeye huyo ndiye aliyeipima mali yao na kuitoza. Tena watu wa kushusha shehena na mashua za kuileta pwani zilikuwa chini ya mkono wake. Basi rafiki yake aliweza kutolewa mzigo upesi, na asiye rafiki akangoja. Hao mahamali wenyewe wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na bwana zao, na ujira wao uligawanywa na bwana. Kwa hiyo hata katika siku hizo, fedha iliyotajwa kuwa ni ya uchukuzi haikumfikia yote yule aliyeubeba mzigo begani.

Wageni waliokuja kufanya biashara waliliona jambo hili upesi. Waamerika wa mji wa Salem walikuwa wakileta nguo za pamba, ndizo zilizoitwa merikani mpaka leo, wakichukua pembe na sandarusi. Mwaka 1833 mjumbe wao, Edmund Roberts, alifika Maskati, na tarehe 21 Septemba akafanya mkataba na Seyyid Said. Katika mkataba huo walipatana kwamba merikebu za Marekani zitalipa tano katika mia kwa mali itakayoshushwa, basi. Tena ikaandikwa kwamba hiyo tano ndiyo badala ya malipo yote: pasiwe na fedha ya kutia nanga, wala ya rubani, wala ya ruhusa ya kuuza, wala ada nyingine ya namna yoyote. Na mali iliyobaki melini bila kuuzwa isitozwe kitu. Waingereza nao wakafanya mkataba wao mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844, na kadiri ya ushuru ilikuwa hiyo hiyo ya tano katika mia.

Msomaji na aangalie vizuri maneno ya mkataba ule. Roberts hakuridhika na kutaja kadiri ya ushuru tu. Alijua ya kuwa tano katika mia huweza kuwa kumi au kumi na tano, ikiwa kila mlango una mtu wake mwenye kunyosha mkono. Haba na haba hujaza kibaba, na ada ndogo ndogo hujaza kibaba cha mwingine kwa nafaka yako. Kwa hiyo alitaka hesabu yote iwe moja, tena ijulikane kabla chombo hakijatia nanga. Walakini hata mkataba haukuyamaliza maneno. Balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837, akafanya urafiki wa biashara na Jairam. Na Waamerika wengine wakalalamika kwamba biashara imefungwa mikononi mwa watu wawili. Kadiri ya ushuru ilikuwa imeandikwa, lakini mlango ulikuwa na mwenyewe.

Jambo la nani atashika forodha liliwahi kuleta hata vita. Tarehe 28 Aprili mwaka 1888 Seyyid Khalifa alitia sahihi mkataba wa kuwapa Kampani ya Wadachi utawala wa pwani ya Mrima na forodha zake, kwa jina lake Sultani. Mwezi wa Agosti mwaka ule watu wa Kampani wakaanza kushika kazi katika bandari. Huko Pangani walitaka bendera yao ipandishwe, wakaleta amri mpya juu ya mali na ardhi za watu. Wenyeji wakakataa, na kiongozi wao akawa Abushiri bin Salim. Vita vikaenea pwani, na Kampani ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Serikali ya Udachi ikamleta Hermann von Wissmann na askari, na mwezi wa Desemba mwaka 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi, wala hatuwezi kusema ni ushuru peke yake. Lakini watu wa pwani walifahamu jambo moja: ashikaye forodha ndiye ashikaye mji. Kutozwa na mtu mnayemjua, kwa desturi mnayoijua, ni kitu kimoja. Kutozwa na kampani iliyokuja kwa faida yake ni kitu kingine.

Sasa tugeukie vifurushi. Mwaka 1874 mataifa yalikutana Bern katika Uswisi, wakaanzisha Umoja wa Posta, ili barua ipite nchi zote kwa nauli moja iliyolipwa na mpelekaji. Mwaka 1880 wakapatana Paris juu ya vifurushi. Uingereza wakati ule haikuwa na posta ya vifurushi, kwa maana mizigo midogo ilichukuliwa na kampani za reli, nazo hazikupenda kupokonywa kazi. Posta ya vifurushi ya Kiingereza ilianza tarehe 1 Agosti mwaka 1883, na ili kampani za reli ziridhike, zilipewa mafungu 55 katika kila mia ya nauli ya vifurushi vilivyopita relini. Hapa tena twaona lile lile: bei ya stempu ilikuwa moja, lakini ndani yake palikuwa na wagawanyaji.

Kifurushi kina taabu ambayo barua haina. Barua ni maneno, na kifurushi ni mali. Na mali ivukayo mpaka hudaiwa ushuru. Kwa hiyo mpelekaji huandika karatasi ya kueleza kilichomo na thamani yake, na posta hukionyesha kifurushi kwa watu wa forodha. Kazi hii ina gharama. Karani akitumia nusu saa kwa kifurushi chenye kanzu moja, ujira wake huweza kuzidi ushuru wa kanzu. Ndiyo sababu mwaka 1938 Marekani ilitia katika sheria yake ya forodha kwamba mali ya thamani ndogo sana ipite bila ushuru, ili gharama ya kukusanya isizidi kile kinachokusanywa. Mwanzo thamani hiyo ilikuwa dola moja tu kwa bidhaa za kawaida. Mwaka 2016 ilifika dola 800.

Uingereza nayo ilikuwa na msamaha kama huo, na mfano wake wafaa kuhesabiwa. Tangu mwezi wa Novemba mwaka 2011, mali iliyoagizwa isiyozidi paundi 15 haikutozwa kodi ya mauzo. Fikiri basi mtu aliyeagiza kitu ambacho thamani yake pamoja na nauli ni paundi 20. Kodi ni 20 katika mia, yaani paundi 4. Lakini Posta ya Kifalme ilidai paundi 8 kwa kazi ya kuitoza kodi hiyo. Hivyo mwenye kutoza alipata mara mbili ya mfalme mwenyewe. Tena ada ilikuwa ile ile kwa kitu cha paundi 20 na kwa kitu cha paundi 100. Kwa hiyo aliyeagiza kidogo ndiye aliyeumia zaidi. Ushuru hufuata thamani ya mali, bali ujira wa mchukuzi hauangalii uwezo wa mtu.

Tarehe 1 Januari mwaka 2021 Uingereza iliuondoa msamaha ule, ikaamuru kwamba kwa mali isiyozidi paundi 135 kodi itozwe na muuzaji wakati wa kuuza. Nchi za Umoja wa Ulaya zikaondoa msamaha wao wa euro 22 tarehe 1 Julai mwaka ule ule, zikaweka njia ya namna hiyo. Faida yake ni kwamba mnunuzi huijua hesabu kabla hajalipa, wala hakutani na mtu mlangoni. Marekani ikaufuta msamaha wake kwa mali ya China tarehe 2 Mei mwaka 2025, na kwa nchi zote tarehe 29 Agosti. Mara posta za nchi nyingi zikasimamisha kwa muda kupeleka vifurushi huko. Hazikukataa ushuru, zilishindwa kujua nani ataukusanya, na kwa njia gani ataufikisha. Twaona ya kuwa swali la Unguja la mwaka 1833 halijazeeka.

Na sisi Afrika Mashariki? Umoja wa Forodha wa Kenya, Uganda na Tanzania ulianza kazi tarehe 1 Januari mwaka 2005, na Rwanda na Burundi zikaingia mwaka 2009. Ushuru wa mali itokayo nje uliwekwa kuwa sifuri, au 10, au 25 katika mia kwa vitu vingi, na mwaka 2022 likaongezwa daraja la 35. Juu ya huo huja kodi ya ongezeko la thamani, na kila nchi ina nyongeza zake. Kwa mfano, Kenya iliweka mwaka 2013 kodi ya kujenga reli juu ya mali iingiayo, na kifurushi kilichokuja kwa ndege nacho huichangia reli. Baada ya hayo yote ndipo inapokuja hesabu ya mwenye kukitoa forodhani.

Mtu asidhani kwamba ujira huo ni wizi. Anayetanguliza fedha yake ili mzigo wako usilale ghalani, akaandika hati usizozijua kuandika, amefanya kazi, na kazi ina malipo. Wala ushuru si uonevu, kwa maana ndio uliojenga gati na barabara. Uonevu huanza pale hesabu zinapochanganywa, hata mtu asijue analipa nini kwa nani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mwenye kuagiza kitu kutoka mbali na aulize kabla ya kuagiza: bei ni kiasi gani, ushuru ni kiasi gani, na atakayekileta atadai nini kwa kazi yake. Na mwenye kutoza, awe serikali au kampani, na aandike kila fedha mahali pake, kama alivyotaka Roberts huko Maskati. Bandari ambayo hesabu yake yajulikana kabla ya kutia nanga, vyombo hurudi.